Kujenga baiskeli ya spidi moja kwa fremu ya mtumba: anzia nyuma

Kwenye marundo ya baiskeli za mtumba, Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, mara nyingi kuna fremu nyembamba ya chuma ambayo wateja wanaipita. Ilikuwa baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980: mabomba membamba, usukani uliopinda, gia kumi zimeshikwa na kutu, dereila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) imevunjika. Muuzaji anaiona chuma chakavu kwa kuwa gia hazifanyi kazi. Kwangu hiyo ndiyo fremu bora ya kujengea baiskeli ya spidi moja, kwa sababu kilichokufa ndicho tunachokwenda kukitoa.

Spidi moja si jambo geni kwetu. Phoenix na Avon zinazobeba mkaa, maziwa na magunia ya mahindi ni spidi moja, na boda boda za mwanzo za mpakani Busia zilikuwa baiskeli za aina hiyo hiyo. Huko Ulaya nako, washindani wa Tour de France hawakuruhusiwa kutumia dereila mpaka 1937. Kabla ya hapo gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi (gurudumu dogo la meno linaloshika cheni) kila upande; mtu akifika chini ya mlima alishuka, akafungua nati, akaligeuza gurudumu, akaendelea na safari.

Wengi wanaoanza kazi hii huanza na rangi, usukani na tairi za kupendeza, halafu wanakuja kugundua kwamba gurudumu la nyuma halikai kwenye fremu au cheni inapita kombo. Baiskeli hii hujengwa kuanzia ekseli ya nyuma kuja mbele. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ndiyo inayoamua cheni ipite wapi, na cheni ndiyo inayoamua sproketi ya mbele ikae wapi. Kama pesa ni kidogo, zimalizie kwenye habu ya nyuma na breki. Vingine vyote vinaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Friwili au fiksi?

Amua hili kabla ya kununua chochote. Yenye friwili unaijua: ukiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea kuserereka na friwili inalia tiki-tiki-tiki. Fiksi haina friwili. Sproketi imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Unapunguza mwendo kwa kuzuia pedali kwa miguu. Ndiyo baiskeli ya viwanja vya mbio, kama vya keirin (mbio za baiskeli za Japani) iliyoanza mjini Kokura mwaka 1948, na ndiyo waliyoipenda wapeleka vifurushi wa New York na London.

Ushauri wangu: jenga na friwili kwanza. Kama unaweza kupata habu ya pande mbili, upande mmoja friwili na wa pili fiksi, nunua hiyo. Utajifunza fiksi taratibu kwenye uwanja wa wazi, na siku ya safari ndefu unageuza gurudumu.

Hatua ya kwanza: kukagua fremu

Beba sumaku ndogo, uzi na rula. Sumaku ikishika, ni chuma. Chuma kinavumilia kunyooshwa na kuchomelewa, aluminiamu haivumilii. Angalia chini ya bomba karibu na kichwa cha usukani. Rangi ikiwa imejikunja au imepasuka mstari hapo, baiskeli iligonga kitu, iache. Chomoa nguzo ya kiti. Kama imegandia na haichomoki kabisa, utapoteza siku nzima kwa kazi isiyokuwa na sababu.

Sasa uzi. Ufunge kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, pale ekseli inapokaa, upeleke mbele uzunguke kichwa cha usukani, urudi nao mpaka mdomo wa kulia, uvute ukaze. Pima kwa rula umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto kisha kulia. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja au mbili fundi wa chuma anairekebisha. Ikizidi hapo, tafuta fremu nyingine. Watu wachache sana hufanya kipimo hiki, na kinachukua muda mfupi kuliko kupatana bei.

Kisha tazama midomo yenyewe. Spidi moja haina dereila ya kuvuta cheni, kwa hiyo cheni inakazwa kwa kusogeza gurudumu zima nyuma. Mdomo uliolala, wenye mwanya mrefu kwenda mbele au nyuma, unaruhusu hilo. Fremu nyingi za zamani ziko hivyo. Mdomo uliosimama wima, kama wa baiskeli nyingi za milimani za siku hizi, haukupi nafasi ya kusogeza. Hapo utahitaji kikaza cheni chenye springi, na kikaza hicho hakifai kabisa kwa fiksi: ukizuia pedali, cheni inavutwa upande wa chini na kukivunja.

Hatua ya pili: gurudumu la nyuma

Pima kwa ndani nafasi kati ya midomo miwili ya nyuma. Baiskeli za uwanjani zina milimita 120, za mbio za zamani zenye gia tano au sita zina 120 au 126, za baadaye 130, na za milimani 135. Habu lazima ilingane na nafasi hiyo. Habu ya 120 inaingia kwenye fremu ya chuma ya 126 kwa kuongeza washa ya milimita 3 kila upande wa ekseli, mradi ekseli ibaki na urefu wa kutosha kushika nati.

Habu mpya ya uwanjani ni ghali na si rahisi kuipata madukani kwetu. Njia ninayoipendekeza ni kutumia gurudumu lile lile la zamani: unaitoa friwili yenye sproketi tano na kufunga friwili ya sproketi moja, ya BMX au ya baiskeli za mizigo, ya meno 16 au zaidi. Uzi wa kufungia (ule wa skrubu kwenye habu) kwa kawaida ni ule ule, kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi. Habu za zamani za Kifaransa zina uzi mwembamba kidogo; friwili ya kawaida itaingia kwa kulegalega, kisha siku moja utakanyaga kwa nguvu na kuung'oa uzi wote. Ifunge kwa vidole kwanza: inatakiwa iingie laini bila kucheza.

Kuitoa friwili ya zamani ndiyo kazi inayowashinda watu, na haihitaji nyundo. Unahitaji kifungulio kinacholingana na mikato iliyo katikati yake. Mafundi wa mjini wanavyo. Kibane kifungulio kwenye jiriwa kikiangalia juu, shusha gurudumu juu yake mikato ikae, kisha shika rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori na uzungushe kinyume cha saa. Rimu ndefu hivyo inakupa nguvu ambayo spana haitakupa kamwe. Itatoa mlio mmoja mkavu, basi imeachia. Fanya hivi wakati spoki zote bado zimefungwa. Ukishazikata, hutakuwa tena na kitu cha kuizungushia.

Baada ya kufunga friwili moja utaona imekaa ndani mno, karibu na spoki, kwa sababu habu ilisogezwa kushoto ili kupisha sproketi tano. Fungua koni za ekseli (nati zinazobana gololi), toa vipande vya kuachia nafasi upande wa kulia na uvihamishie kushoto. Habu itasogea kulia na friwili itatoka nje. Rimu nayo itasogea kulia, basi irudishe katikati: legeza spoki za kulia robo mzunguko kila moja, kaza za kushoto robo mzunguko, rudia mpaka rimu iwe katikati ya fremu. Ili kuhakikisha, toa gurudumu, ligeuze kulia kuwe kushoto, lirudishe. Nafasi kati ya rimu na fremu isibadilike. Kazi hii ina faida ya ziada: spoki za pande mbili sasa zinavutana karibu sawa, na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyokuwa na gia zake.

Hatua ya tatu: mstari wa cheni

Hapa ndipo baiskeli tulivu inapotofautiana na ile inayolia kila ukikanyaga. Cheni ya spidi moja inatakiwa ipite mstari ulionyooka kabisa kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma.

Kwa nyuma, gawa kwa mbili upana wa habu, kisha toa umbali kutoka uso wa nje wa nati ya kulia ya habu hadi katikati ya meno. Habu ya 126 ikiwa na umbali wa milimita 21, mstari wako ni 63 kutoa 21, yaani milimita 42 kutoka katikati ya baiskeli. Kwa mbele, pima kutoka ubavu wa bomba la kiti hadi katikati ya meno ya sproketi kubwa, ongeza nusu ya unene wa bomba. Bomba la kawaida la chuma lina milimita 28.6, kwa hiyo unaongeza 14.3.

Namba mbili zikitofautiana kwa milimita moja, endelea. Zaidi ya mbili, rekebisha, hasa kwa fiksi, ambako cheni ikichomoka inaweza kulifunga gurudumu ghafla. Krenki (mikono inayoshika pedali) za zamani zilikuwa na sproketi mbili mbele, na kuhamisha moja kutoka nafasi ya nje kwenda ya ndani kunabadilisha mstari kwa milimita kama 5. Mara nyingi ile ya ndani ndiyo inayokaribia 42. Bolti zilizokuwa zinashika sproketi mbili zitakuwa ndefu mno kwa moja. Tia washa nyembamba au nunua fupi.

Ukipeleka kazi hii kwa fundi, mwambie mapema: "Fundi, usikaze kitu mpaka tupime mstari." Wengi wamezoea baiskeli zilizokuja na vipimo vyake, na hawana sababu ya kupima.

Kumbuka pia kuwa pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa. Hali kadhalika kikombe cha gololi cha kulia cha ekseli ya krenki, kwenye fremu nyingi. Fremu za Kiitaliano na za zamani za Kifaransa haziko hivyo, basi jaribu pande zote kwa upole kabla hujatumia bomba la kurefusha spana.

Hatua ya nne: meno mangapi?

Gawa meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la 700C (saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio za siku hizi) lenye tairi nyembamba lina mzingo wa kama mita 2.1. Ukiwa na 42 mbele na 16 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.5, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 30 kwa saa. Kwa 42 na 18 ni mita 4.9, kama kilomita 26 kwa saa.

Dar es Salaam penye tambarare, Tanga au Mombasa, 42 kwa 16 inafaa. Mwanza, Mbeya, Kampala au Kigali, anza na 42 kwa 18, au hata 39 kwa 18. Vijana wanapenda namba kubwa kwa sababu zinaonekana za mbio. Sikubaliani nao: goti linalolazimishwa kunyanyua gia nzito kila taa ya barabarani halidumu, na sproketi ya nyuma ni bei rahisi kubadilisha utakapopata nguvu.

Kwa fiksi kuna hesabu ya ziada. Ukifunga miguu ili tairi iburuzike, inaburuzika sehemu zilezile kila mara, na idadi ya sehemu hizo inatokana na uwiano wa meno. Andika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu ya hesabu, uirahisishe: namba ya chini ndiyo jibu. 48 kwa 16 ni 3 kwa 1, yaani tairi italika sehemu moja tu mpaka itoboke. 42 kwa 18 ni 7 kwa 3, sehemu tatu. 42 kwa 17 hairahisishiki, kwa hiyo una sehemu 17 na tairi inalika kwa usawa. Kwa tofauti ya jino moja, tairi inakaa muda mrefu zaidi sana.

Hatua ya tano: cheni

Kuna cheni pana ya inchi 1/8 na nyembamba ya 3/32. Ile pana inakaa kwenye sproketi za aina zote mbili. Nyembamba haiingii kwenye sproketi pana. Ukiwa na shaka, chukua pana. Usifunge cheni ya zamani juu ya sproketi mpya.

Weka gurudumu katikati ya mwanya wa mdomo, zungusha cheni, kata urefu unaokutana hapo. Kisha ikaze hivi: funga nati ya kushoto, acha ya kulia imelegea, sukuma sehemu ya mbele ya tairi kuelekea kulia, upande wa kulia wa ekseli utarudi nyuma. Funga kulia, legeza kushoto, rudisha tairi katikati. Sasa kushoto nako kumerudi. Gurudumu linatembea nyuma namna hiyo, kidogo kidogo, bila kuvuta kwa nguvu.

Cheni ibaki na mchezo wa kama sentimita moja ukiinua na kushusha katikati. Zungusha krenki polepole na utaona sehemu fulani inakaza na nyingine inalegea, kwa sababu sproketi kubwa ni nadra kukaa katikati kabisa. Pima mchezo pale palipokaza zaidi. Ukikaza pale palipolegea, utaua gololi za habu na za krenki.

Kwa wenye fiksi tu

Sproketi ya fiksi inafungwa kwa kuzungusha upande wa saa. Ukizuia pedali, inataka kufunguka. Ndiyo maana habu halisi ya fiksi ina uzi wa pili, mdogo na wa kinyume, wa pete ya kufungia: sproketi ikijaribu kufunguka, inaikaza pete. Paka grisi nyuzi zote, kaza sproketi kwa nguvu, kaza pete, panda kilima kimoja ukikanyaga kwa uzito, rudi ukaze pete tena.

Kuna watu wanaofunga sproketi ya fiksi kwenye habu ya friwili ya kawaida, kwa gundi ya nyuzi au kwa pete iliyotolewa kwenye ekseli ya krenki. Wengine wanachomelea kabisa. Nakusihi usifanye. Habu hiyo haina uzi wa kinyume, na siku sproketi itakapofunguka ni siku ile unapozuia kwa nguvu zote kwa sababu kuna gari mbele yako.

Funga mikanda kwenye pedali, maana mguu ukichomoka kwenye mteremko huupati tena. Kwa 42 kwa 18, mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mizunguko 136 ya pedali kwa dakika. Krenki za milimita 165 ni salama kuliko za 170, kwa kuwa pedali inazunguka hata kwenye kona na inaweza kugonga chini. Na kamwe usifute cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kwenye fiksi cheni haisimami kidole kikinaswa.

Breki

Yenye friwili inahitaji breki mbili. Fiksi inahitaji ya mbele, bila majadiliano. Baiskeli za uwanjani hazina breki kwa sababu uwanjani hakuna mtoto anayevuka wala daladala inayosimama ghafla. London, mwaka 2016, kijana aliyekuwa akiendesha fiksi isiyo na breki ya mbele alimgonga mama aliyekuwa akivuka barabara, mama huyo akafariki. Mwaka uliofuata kijana alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Sheria ya Uingereza inataka mifumo miwili ya breki. Miguu kwenye fiksi inahesabika mmoja, wa mbele lazima uwe breki kweli.

Fremu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa rimu ya inchi 27. Ukiweka rimu ya 700C, ukingo wake unashuka milimita 4, kwa hiyo hakikisha mikono ya breki inafika. Mpira wa breki uguse rimu tu, usiguse tairi.

Kuipamba

Sasa ndiyo rangi. Toa kila kitu, piga msasa, paka rangi ya msingi halafu makoti mawili au matatu mepesi; ziba nyuzi zote kwa karatasi ya gundi, pamoja na ndani ya midomo ya nyuma, kwa sababu rangi nene hapo inalegeza nati. Kishikizo cha dereila kikiwa sehemu ya fremu, kiache. Ukikikata unaipunguzia fremu thamani na hupati chochote.

Usukani wa mbio unaweza kuugeuza juu chini na kukata ncha ili ubaki na pembe mbili za kushika. Ziba ncha hizo kwa vifuniko au mbao iliyochongwa. Bomba lililo wazi linatoboa mwili ukianguka. Kiti ni shauri la mwili wako, ila nguzo yake isipite alama ya mwisho.

Safari za mwanzo

Kwa safari chache za kwanza tembea na spana ya milimita 15. Nati za ekseli, bolti za krenki na pete ya fiksi zote hulegea kidogo zinapojikalia; zikaze baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya kilomita 50 hivi. Cheni mpya nayo itarefuka kidogo, rudia kuikaza kama hapo juu. Ukiwa pwani, chumvi ya hewani inaila cheni haraka: ifute kwa kitambaa kikavu baiskeli ikiwa imesimama, tone la mafuta kila pingili, futa yanayozidi. Kuipima ni kwa rula: pini 13 mfululizo, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, zinatakiwa ziwe inchi 6 kamili, na 25 ziwe inchi 12. Inchi 12 zikizidi kwa 1/16, nunua cheni mpya. Zikizidi kwa 1/8, sproketi nazo zimeshalika, badilisha vyote pamoja.